Masizi ya Ghala la Garrod

Jumatatu, 28 Juni 1976

Daftari hili alilinunua marehemu mume wangu, Ambrose, miaka kumi iliyopita. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi zake nene: HISTORIA YA MELI YETU. Baada ya hapo hakuandika hata nukta. Kurasa safi kuzitupa ni dhambi, kwa hiyo nazitumia mimi, Thirza Garrod, mjane wake, miaka sitini na minane, mwenye hasira za kutosha kulijaza lote.

Hasira yenyewe imeletwa na tarishi asubuhi hii. Baraza la wilaya linaniambia kwamba ninapoishi ni ghala la nafaka, kwamba "tangu lijengwe halijapata kukaliwa na binadamu," na kwamba nihame ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe ishirini na tisa Septemba. Kabla ya hapo madiwani watakuja kunisikiliza. Sahihi: Bwana Osgood, mkaguzi wa majengo.

Halijapata kukaliwa! Kwani mimi ni popo? Tangu Februari nalala humu. Kitanda kipo, jiko la mafuta lipo, kabati la vyombo lipo, na kiti cha Ambrose kipo.

Ambrose aliacha wosia. Shamba na nyumba kubwa ni vya Clement, mwanawe wa mke wa kwanza. Ghala ni langu "maadamu analifanya makao yake." Nikitolewa, ghala linamwendea Clement, na Clement ana mteja tayari, mwenye baa mjini anayetaka boriti za meli ya kale apambie kuta zake. Ghala litabomolewa wiki hiyohiyo. Aliyewachokonoa watu wa baraza ni nani? Sihitaji kupigiwa ramli.

Nihame? Ng'o!

Jumatano, 30 Juni

Joto. Maharage yamesinyaa. Nimeyapa maji niliyooshea vyombo.

Jumamosi, 3 Julai

Wifi yangu Hester amekuja na keki na ushauri. Keki ilikuwa nzuri.

"Wifi, ukaidi haujengi," ameniambia. "Njoo ukae kwangu. Chumba cha nyuma kipo."

"Chumba cha nyuma kina cherehani na paka saba."

"Paka watano."

"Wawili wana mimba, Hester."

Amecheka bila kutaka, halafu akatazama juu kwenye mapau, macho yakamlegea. Hester humu ndani hutembea kama yuko kanisani. Kila mtu wa kijiji chetu, Hessingfield, anajua kwamba ghala la Garrod lilijengwa kwa mbao za meli iliyopigana na Wahispania. Weusi wa mapau ni moshi wa mizinga. Yale matundu chini ya boriti ya ukutani, yaliyokaa mfano wa uru kwenye karata, ndimo zilimopita kamba za tanga. Hester na Ambrose waliambiwa na baba yao, naye aliambiwa na baba yake. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na miaka thelathini niliwaleta watoto humu kwa mistari, nikawaonyesha matundu, wakasema "Ooo!"

"Ukiweka makochi humu utaiharibu meli," amesema Hester.

"Nyumba yangu, makochi yangu."

"Meli ya baba yetu!"

Ameondoka na nusu ya keki iliyobaki.

Alhamisi, 8 Julai

Bwana Osgood amekuja na futi yake. Ni kijana mwembamba, mpole kuliko barua zake. Amejigonga kichwa mara mbili kwenye mlango mdogo na mara zote ameuomba radhi mlango.

"Mama Garrod, tatizo si mimi. Hakuna meko. Hakuna bomba la moshi. Hakuna dirisha hata moja. Nyumba bila vitu hivyo siwezi kuiita nyumba."

"Na mimi nimekaa humu miezi mitano, unaniita nini?"

Amekunywa chai vikombe viwili, akakunja futi yake. Nilitaka kumchukia, ikawa kazi.

Jumapili, 11 Julai

Kanisani tumeombea mvua. Clement alikaa mbele yangu, shingo nyekundu kama kiazisukari. Alipogeuka kunipa mkono wa amani nikaukaza mpaka akakunja uso.

Jumanne, 20 Julai

Leo nina mengi.

Jabez Cracknell amekuja kunitengenezea bawaba. Ni seremala, ana miaka themanini na mmoja, na magoti yake yanalia kuliko milango anayoitengeneza. Nilimsomea barua. Alisikiliza, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha Ambrose bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hajapata kulifanya.

"Bi Thirza," akasema, "hebu tazama juu, unieleze unachokiona."

"Mapau."

"Rangi gani?"

"Meusi. Moshi wa mizinga."

"Yote?"

Nikatazama. Miaka arobaini nimeingia na kutoka humu, na leo ndiyo nimetazama. Mwanzoni mwa ghala mapau ni ya kijivu. Mwishoni ni ya kijivu. Katikati ndipo palipo weusi, mnene, unang'aa kama sufuria ya kupikia uji kwa kuni.

"Baruti hiyo ilichagua pa kuchafua," akasema Jabez. "Na tangu hapa mpaka pwani ni maili ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Wakaibeba meli mabegani, eti? Na miti ya mwaloni imejaa msituni hapo nyuma?"

Nikamwambia asinifanyie mzaha, na yale matundu je? Akachukua kijiti, akakichonga kwa kisu pembe nne. Akaniomba nipande ngazi, maana yeye hapandi tena. Nikapanda na miaka yangu hii. Kijiti kikaingia kwenye tundu la kwanza, kikakaa wima, imara. Akanipa cha pili. Kikaingia. Cha tatu.

"Hizo ni nondo za dirisha," akasema kutoka chini. "Za mbao. Vioo vilikuwa havijafika kwa wakulima. Humu walikaa watu, Bi Thirza. Moto katikati ya chumba, moshi unajitafutia njia juu. Baadaye wakapata uwezo, wakajenga ile nyumba kubwa, hii wakaifanya ghala. Hukuhamia kwenye ghala wewe. Umerudi nyumbani."

Nikashuka ngazi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka ishirini na moja, nilipobadilisha pau la kule."

"Miaka hamsini na mitano umekaa kimya, Jabez!"

"Ambrose alikuwa anaipenda meli yake. Mtu akipenda uongo usiomdhuru jirani, unamwachia. Mimi nani nimzamishie?"

"Sasa unanidhuru mimi."

"Ndiyo maana nimesema," akajibu, akavaa kofia akaendelea na bawaba.

Alipoondoka nililia. Nililia kwa sababu nimepata silaha, na silaha yenyewe lazima nimpige nayo Ambrose.

Jumatano, 21 Julai

Nimeona aibu kutwa. Mwalimu mzima, nimewafundisha watoto mia tatu kutazama juu, mwenyewe sikutazama.

Alhamisi, 22 Julai

Aibu imepungua. Hasira imerudi. Afadhali.

Jumatatu, 2 Agosti

Mavuno yameanza mapema kwa ukame huu. Mashine ya Clement imepita karibu na ukuta wangu tangu alfajiri, chai imekuwa na ladha ya makapi. Saa sita alizima injini akaja mlangoni.

"Mama Thirza, nasikia siku hizi una hadithi mpya."

"Mpya kwako. Ina miaka mia nne."

"Unataka kuwaambia madiwani si meli?" Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. "Hebu nikusomee. 'Ghala hili, watoto wapendwa, lilijengwa kwa mbao za meli ya vita, na hakuna shaka yoyote juu ya jambo hilo.' Mwandishi, Bi T. Garrod, mwalimu. Mwaka hamsini na tatu."

Kijitabu changu cha mwaka aliotawazwa malkia. Nilikichapisha mwenyewe kwa mashine ya shule, nakala mia mbili.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama," akasema.

"Basi yako imeishia hapo mlangoni. Rudi ulikotoka."

Akarudi kwenye mashine. Lakini goli amelifunga, na anajua.

Jumanne, 3 Agosti

Jabez anasema masizi na matundu hayatoshi, hasa mbele ya mdomo wangu wa mwaka hamsini na tatu. Watu wa hapa walilelewa na meli. Ukiwaonyesha tundu wataona kamba. "Tafuta meko," anasema. "Meli haina meko ardhini." Moto ulikuwa katikati ya nyumba. Katikati ya ghala, kati ya ile milango miwili mikubwa, ndipo ilipo sakafu ya kupuria ngano, mbao pana za mwaloni alizozipiga msasa Ambrose kwa mkono. Juu ya mbao hizo tulicheza siku ya harusi yetu.

Nitafikiri.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimefikiri siku kumi na tatu. Leo nimeng'oa ubao wa kwanza. Jabez alikaa kwenye kiti akitoa amri kama nahodha.

"Taratibu! Usiupasue!"

"Njoo ung'oe wewe!"

"Magoti yangu—"

"Basi mdomo wako nao uumwe!"

Jumatano, 18 Agosti

Udongo. Mifupa ya panya.

Jumamosi, 21 Agosti

Udongo. Kijiko.

Alhamisi, 26 Agosti

Mbao zote zimeng'olewa. Nimechimba mpaka magotini. Hakuna tofali lililoungua, hakuna jivu, hakuna chochote. Hester akaingia bila kubisha, akaona sakafu ya kaka yake imeegemezwa ukutani vipande vipande, na mimi shimoni na sepetu.

"Unaibomoa! Unambomoa Ambrose!"

"Ambrose amekufa, Hester. Mimi niko hai, na nahitaji pa kulala."

"Kaka yangu hakuwa mwongo."

"Sijasema mwongo. Aliambiwa akiwa mdogo, akaamini. Hata mimi niliamini."

"Wewe uliolewa tu katika jina hili! Mimi nimezaliwa nalo!"

Hilo limenichoma. Nilimwambia atoke. Alitoka. Nikakaa pembeni mwa shimo langu la bure, nikafikiri kwamba labda Clement ana haki, labda mimi ni kikongwe mkaidi aliyevunja kitu kizuri kwa ubishi tu. Naandika hili kwa sababu nimeapa daftari hili halitasema uongo. Ukurasa wa kwanza ulitaka kuusema, ukashindwa.

Jumatatu, 30 Agosti

MVUA! Nimesimama nje nikalowa kama kuku, na sijali aliyeniona.

Alhamisi, 2 Septemba

Mvua imenifungia ndani. Mgongo unauma, nikalala chali kitandani mchana kweupe, nikitazama juu. Nikawa nahesabu mapau kama mgonjwa anavyohesabu nzi. Upande wa mashariki, mapau ya kijivu ni kumi. Upande wa magharibi ni manne.

Nikakaa kitako.

Ghala liliongezwa! Walipoifanya nyumba kuwa ghala walirefusha upande mmoja, wa mashariki. Katikati ya ghala si katikati ya nyumba. Siku zote hizo nimechimba kando ya mahali penyewe.

Na weusi mnene kuliko wote uko wapi? Nikachukua uzi, nikafunga jiwe, nikapanda ngazi, nikaushusha uzi kutoka kwenye pau jeusi kuliko yote. Jiwe likateremka, likateremka, likatua juu ya mto wangu wa kulalia.

Tangu Februari nimelala juu yake. Nilikiweka kitanda pale kwa sababu ndipo pasipopita upepo. Nadhani hata wao walipachagua kwa sababu hiyo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bibi yeyote angeniambia hivyo, na mimi nilikwenda kung'oa sakafu ya harusi.

Ijumaa, 3 Septemba

Kitanda nimekisogeza. Sepetu imezama shibiri mbili tu, ikagonga. Vigae vyekundu vimesimamishwa kwa ubavu, vimebanana kama vitabu rafuni, juu vimeungua vikawa vyeusi. Duara zima, kubwa kuliko meza ya kulia. Pembeni, jivu la kijivu laini kama unga.

Jabez alipiga magoti. Magoti yaleyale. Hakulalamika.

Jumapili, 5 Septemba

Baada ya ibada nilimwambia Hester mbele ya watu wote, "Wifi, njoo nyumbani uone kitu. Halafu unitukane ukitaka."

Akaja na kofia yake ya kanisani. Alisimama pembeni mwa meko. Halafu akainama, akaweka kiganja juu ya vigae. Kulikuwa na alama mbili pale, vigae vimelika, vimeingia ndani kidogo, kana kwamba mtu alikuwa akiweka chungu mahali palepale miaka nenda miaka rudi.

"Kulikuwa na mwanamke," akasema Hester.

"Kulikuwa na wengi."

"Na sisi tukawaambia watu kulikuwa na mabaharia."

Alikataa chai. Sijui amemkasirikia nani.

Jumanne, 14 Septemba

Mvua. Nimerudisha mbao za Ambrose mahali pake. Mbili zimepasuka. Samahani, mume wangu.

Ijumaa, 24 Septemba

Walikuja saa nne, madiwani watano, Bwana Osgood na futi yake, Clement na suti yake. Nusu ya kijiji ikasimama mlangoni na miavuli. Bwana Osgood alijigonga kichwa.

Nikawaonyesha mapau. Nikawaonyesha nondo kwenye matundu. Diwani mmoja mnene, niliyemfundisha hesabu akiwa na miaka saba, akasema, "Lakini mwalimu, hayo si matundu ya kamba? Ulituambia mwenyewe." Watu wakacheka. Clement hakucheka, alimpa kile kijitabu, naye akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "hakuna shaka yoyote."

"Ni maneno yako, Bi Garrod?"

"Ni yangu. Nilikosea."

"Ulikosea wakati ule, au unakosea sasa kwa kuwa unahitaji nyumba?"

Swali zuri. Nilimfundisha vizuri kuliko nilivyodhani. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, sauti ikatoka nyuma.

"Nipisheni!" Hester alikuwa anasukuma watu kwa mwavuli. "Huyu kaandika alichoambiwa na sisi. Mimi ndiye Garrod hapa. Meli ni ya babu yetu, akampa baba, baba akatupa mimi na Ambrose, na mimi nikamjazia huyu kichwani alipoolewa. Nimeisimulia miaka sabini. Ni uongo. Nimeyagusa meko kwa mkono wangu. Mnataka kucheka? Nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwavuli wake ulikuwa wima. Mwanamke huyu nilimwandika vibaya kwenye daftari hili, na sifuti, nasema tu kwamba nilimwandika vibaya.

"Shangazi!" akasema Clement.

"Shangazi nini? Ungewauzia watu meli isiyokuwepo, na juu yake umtupe mjane wa baba yako nje! Kaa kimya."

Bwana Osgood alikuwa amekwishachuchumaa penye meko. Akapima. Akachukua jivu kidogo, akalisugua vidoleni, akalinusa. Halafu akasimama, akawageukia wale watano.

"Niliandika kwamba jengo hili halijapata kukaliwa na binadamu," akasema. "Si kweli. Naomba sentensi hiyo ifutwe."

Kura zikapigwa papo hapo, kwa mikono. Watatu kwa wawili. Yule mnene aliinua mkono wa mwisho, akinitazama kama anaogopa nitamsahihisha.

Nakaa!

Wametoa masharti. Niweke madirisha mawili. Jabez akauliza kwa upole wa kinafiki kama itafaa tukiyaweka pale yalipokuwa. Na kuanzia tarehe mosi Oktoba, moto wowote uwe ndani ya jiko lenye bomba. Moto wa wazi marufuku.

Jumatano, 29 Septemba. Mtakatifu Mikaeli

Ndiyo siku niliyoamriwa kuondoka.

Hester ameleta bata bukini, kama ipasavyo siku hii. Amemchoma kwake, maana hanikabidhi mimi bata. Jabez ameleta kuni za mwaloni. Clement hakuja, ila asubuhi nimekuta mtu amesogeza trekta la Clement lililokuwa limeziba mlango wangu mkubwa tangu Juni. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nitaliacha.

Hester aliliona daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma HISTORIA YA MELI YETU. "Uuchane huu," akasema.

"Wee! Huo ni mwandiko wa mume wangu." Ukurasa unabaki.

Tulisogeza viti vitatu kuzunguka meko. Bwana Osgood akapita "kwa bahati tu," akaziona kuni zimepangwa juu ya vigae, akatazama saa yake kana kwamba ina tarehe.

"Mama Garrod, masharti..."

"Yanaanza tarehe mosi, mwanangu. Leo ni ishirini na tisa. Kaa ule bata."

Akakaa. Moto niliuwasha kwa barua yake iliyonifikia tarehe ishirini na nane Juni, ukurasa wa kwanza na wa pili. Ilishika upesi. Moshi ulisitasita juu ya vichwa vyetu, Hester akakohoa akauliza watu wale walikuwa na mapafu ya namna gani, halafu ukapata njia yake ya zamani ukapanda moja kwa moja kwenye mapau meusi.

Sasa nguo zinanuka, nywele zinanuka, shuka zinanuka. Atakayesema humu hawajakaa watu, na aje aninuse.